Aliyeitoa Ogani Kanisani



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, wazee wa kanisa tulikaa na ombi la vijana wetu. Wanataka kubeba kibodi ya kanisa waende nayo mkutano wa nje, pale stejini, jioni watu wakitoka kazini. Aliyepinga zaidi ni mimi. Mimi nimesomea biashara, basi nikapiga hesabu hapo hapo: bei ya kibodi, vumbi, mvua ya ghafla, stima ya kuomba kwa jirani, spika za kupakia kwenye tuktuk. Nikauliza, ikiharibika nani atalipa? Hakuna aliyejibu, ombi likaahirishwa. Vijana walitoka kimya kimya.

Usiku ule sikulala vizuri, manake nilimkumbuka mtu mmoja ambaye maisha yake niliyasoma zamani. Anaitwa Virgil Fox.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1912, mji mdogo wa Princeton, jimbo la Illinois, Marekani. Akiwa na miaka 10 tu, tayari alikuwa anapiga ogani kwenye ibada za kanisa. Sasa, mtu asidhani ogani ni kibodi kama hii yetu. Ogani ya kanisa kubwa ni chombo cha hewa na mabomba. Hewa inasukumwa ndani ya mabomba mamia, hata maelfu. Bomba moja laweza kufika futi 32, na jingine ni dogo kama penseli. Mpigaji ana kibodi kadhaa mbele yake, zimepangwa kama ngazi, na chini kuna pedeli anazozipiga kwa miguu. Chombo chenyewe kimejengwa ndani ya jengo. Anayetaka kukisikia lazima aingie kanisani.

Fox alijifunza kwa bidii ya kweli. Alisoma kwa mwalimu mkali kule Chicago, kisha chuo cha Peabody mjini Baltimore, halafu akavuka bahari kwenda Paris kwa Marcel Dupré, mmoja wa wapigaji wakubwa wa wakati ule. Kazi ndefu ndefu alizishika kichwani, akapiga tamasha nzima bila karatasi mbele yake. Hebu fikiria: mikono miwili, miguu miwili, kila kimoja na njia yake, na yote yametunzwa moyoni. Hicho si kipawa peke yake. Ni saa nyingi za mazoezi ambazo hakuna aliyekuwa akimpigia makofi.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja aliingia jeshini, na huko pia aliendelea kupiga. Mwaka 1946 akachukuliwa na Riverside Church, kanisa kubwa la New York, akatumika hapo mpaka 1965. Miaka 19! Ogani ya kanisa lile ilipanuliwa wakati wake, na jina lake likajulikana mbali. Angeweza kustaafu hapo kwa heshima zake.

Lakini Fox aliona kitu. Waliokuja kusikiliza ogani walikuwa wanazeeka, na vijana hawakuwa na habari nayo. Wao walikuwa kwenye kumbi za muziki wa roki. Sisi tuliosoma biashara twalijua swali hili: kama mteja haji dukani, wafanya nini? Unaweza kulaumu mteja. Ama unaweza kubeba mzigo ukamfuata.

Yeye aliubeba. Kwa vile ogani ya mabomba haibebeki, alitumia ogani ya umeme ya kampuni ya Rodgers, ya kusafiri nayo. Tarehe 1 Desemba 1970, akiwa na miaka 58, aliingia Fillmore East, ukumbi wa roki mjini New York alimopiga Jimi Hendrix. Nyuma yake kulikuwa na taa za rangi zikicheza ukutani. Mbele yake walikaa vijana ambao wengi hawangekanyaga tamasha la ogani kanisani. Na aliwapigia nini? Hakuwapigia roki. Aliwapigia Bach, yule mwanamuziki wa kanisa wa Ujerumani aliyekuwa akiandika kwenye kazi zake herufi tatu za kumpa Mungu peke yake utukufu. Katikati ya nyimbo alisimama akawaeleza kwa maneno mepesi wanachosikia. Baada ya hapo alizunguka Marekani miaka mingi na maonyesho hayo.

Alisemwa sana. Wataalamu walisema ogani ya umeme si ogani, taa ni mchezo, na kwamba anaenda kasi mno. Tuseme ukweli, baadhi ya lawama zilikuwa na msingi. Alipenda kujionyesha, hata alivaa joho refu jukwaani. Kila anayesimama mbele za watu na chombo au maikrofoni ajiulize hapo: macho ya watu nayapeleka wapi?

Mwaka 1976 aligunduliwa kuwa na saratani. Hakuacha kupiga. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1980 huko Florida, akiwa na miaka 68.

Wapendwa, mimi napata mawili hapa. La kwanza ni la wanamuziki wetu. Zaburi ya 33 inataka tupige kwa ustadi. Fox alitoka nje akiwa ameiva. Anayetaka kupeleka kibodi stejini aje mazoezini Jumamosi, tena kwa wakati, asije akajifunzia mbele za watu.

La pili ni langu na wazee wenzangu. Mathayo 25, yule mtumishi wa talanta moja hakuiba wala hakuitapanya. Aliizika, ili isipotee. Hesabu zake zilikuwa sawa kabisa, na bado bwana wake alimkasirikia. Nimeisoma tena wiki hii nikajiona mle ndani. Kibodi yetu ilinunuliwa kwa sadaka za mama wa samaki na kijana wa bodaboda. Hawakutoa ili ifunikwe kitambaa kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi.

Jumatano tunakaa tena. Nitawaomba vijana msamaha kwanza, halafu nitapendekeza ombi lao lipite. Mfuko wa plastiki wa kukinga mvua nitanunua mwenyewe.

Tuombe: Bwana, tusaidie tusizike ulichotupa kwa kuogopa hasara. Amina.