Ronald Ross: Msee Aliyepasua Mbu Hadi Akanasa Malaria

Buda yake Ronald Ross alikuwa jenerali wa jeshi huko India, na akisema kitu imesemwa. Kijana alipenda mashairi na sanaa. Akaambiwa ni udaktari, kwisha.

Alizaliwa India 1857, akasomea London, akarudi India kama daktari wa jeshi. Enzi hizo wengi walidhani malaria huletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Daktari Patrick Manson ndiye alimshow acheki mbu.

Basi akaanza. Secunderabad, joto noma, jamaa ameinama kwa darubini akipasua mbu mmoja baada ya mwingine. Kujipepea hawezi, mbu watapeperuka. Mgonjwa anaitwa Husein Khan alikubali kuumwa kwa malipo ya anna moja kwa kila mbu aliyeshiba damu yake. Anna ilikuwa 1/16 ya rupia, yaani doo ya kuokota.

Agosti 20, 1897, kwa ukuta wa tumbo la mbu, Ross akaona vijidudu vya malaria. Wakubwa wake wakafanya nini? Wakampea transfa hadi pahali malaria ni ya kutafuta na tochi!

1898 akiwa Calcutta akatumia ndege, akaonyesha vijidudu huingia tezi za mate za mbu, ndio akikuuma anakuachia.

Nobel ikakuja 1902. Mwitaliano Giovanni Battista Grassi, aliyeonyesha ni mbu wa anofelesi anayeambukiza binadamu, akaachwa mataani. Bifu yao Ross hakuwahi kuisahau hadi akafa 1932.