Hugo van Lawick: mpiga picha aliyewasubiri tumbusi Serengeti

Kisiwani Pemba, maji yakishakupwa, korongo hushuka kwenye matope ya mikoko kutafuta samaki na kaa. Aliyewahi kutoa simu mfukoni ampige picha mmoja wao akiruka anajua kinachotokea. Picha hutoka na kidoa cheusi katikati ya anga, au na mkia peke yake pembeni. Ndege mkubwa huonekana kama anakwenda taratibu, kumbe ukubwa wake ndio unaodanganya macho. Tanzania iliwahi kuwa na mtu aliyetumia karibu maisha yake yote ya utu uzima akihangaika na tatizo hili na mengine ya aina yake. Jina lake ni Hugo van Lawick.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1937 mjini Surabaya, katika koloni la Uholanzi ambalo leo ni Indonesia. Baba yake, aliyekuwa rubani, alifariki Hugo akiwa bado mtoto. Vita vya pili vya dunia vilipofika huko, mama alikimbia na watoto hadi Australia, kisha Uingereza, na mwishowe wakahamia Uholanzi.

Mwaka 1959 aliwasili Kenya kufanya kazi na Armand na Michaela Denis, waliokuwa mashuhuri kwa filamu za wanyama katika televisheni. Akiwa huko alifahamiana na Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale. Mwaka 1962 shirika la National Geographic lilimtuma Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, akampige picha mwanamke kijana wa Kiingereza aliyekuwa akichunguza sokwe. Mwanamke huyo alikuwa Jane Goodall. Walioana mwaka 1964, wakapata mtoto wa kiume mwaka 1967, wakaachana mwaka 1974. Wengi hadi leo wanamtaja Hugo kama mume wa zamani wa Jane tu, na hilo halimtendei haki. Picha zake ndizo zilizoifanya dunia iamini kilichokuwa kikionekana Gombe.

Jambo la ndege lilitokea mwaka 1966, Serengeti. Hugo na Jane waliwakuta tumbusi wamekusanyika kwenye mayai ya mbuni yaliyoachwa. Yai la mbuni lina uzito wa zaidi ya kilo moja, na gamba lake lina unene wa milimita mbili hivi. Tumbusi wakubwa walishindwa kulivunja. Kisha akaja tumbusi wa Misri, ndege mweupe mwenye uso wa manjano, mdogo kuliko wenzake. Aliokota jiwe kwa mdomo, akainua kichwa juu, akalirusha kwenye yai. Akarudia tena na tena mpaka gamba likapasuka.

Wakati huo wanasayansi walikuwa hawajamaliza kubishana kuhusu sokwe wa Gombe wanaovua mchwa kwa vijiti, na sasa ilikuwa zamu ya ndege kutumia zana. Maneno matupu yasingetosha, na hapa ndipo mpangilio wa picha ulipokuwa na uzito wake. Ndani ya fremu moja lazima yaonekane mambo matatu: ndege, jiwe na yai. Mpiga picha akisogea mno, yai linakatika. Akikaa mbali mno, jiwe halionekani mdomoni. Akichelewa kidogo, jiwe limeshaanguka, na picha ni ya ndege aliyesimama karibu na yai, jambo lisilothibitisha chochote. Tena ndege huyo hukosa shabaha mara nyingi, na filamu ya kamera ilikuwa na picha 36 tu. Haikuwezekana kutazama papo hapo kama umepata au umekosa. Filamu ilisafirishwa ng'ambo kusafishwa, na jibu lilikuja baadaye. Taarifa ya ugunduzi huo ilichapishwa katika jarida la kisayansi la Nature Desemba 1966.

Tumbusi wakiwa hewani wana kanuni zao. Hawaruki mapema asubuhi, bali husubiri ardhi ipate joto ili hewa inayopanda iwabebe. Wakitua kwenye mzoga hukabili upepo, miguu imening'inia na mbawa zimetandazwa kama breki. Kwa hiyo anayewapiga picha hukaa upepo ukimpiga mgongoni, nao humjia uso kwa uso. Kamera lazima ifunguke na kufunga kwa muda mfupi sana, hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mbele ya mdomo wa ndege iachwe nafasi, la sivyo ataonekana kama amegonga ukuta. Mfaransa Étienne-Jules Marey alikuwa ameunda kamera ya umbo la bunduki mwaka 1882, iliyopiga picha 12 kwa sekunde, kwa ajili ya ndege hao hao wanaoruka. Sisi Waswahili, tunaopiga picha na kupiga risasi kwa kitenzi kimoja, hatuna la kushangaa.

Hugo alijenga kambi ya mahema Ndutu, kusini mwa Serengeti, akaishi hapo miongo kadhaa. Kusema kweli, wanyama wawindaji walimvutia kuliko ndege: mbwa mwitu, fisi, mbweha, chui. Mwaka 1970 yeye na Jane walitoa kitabu cha Innocent Killers. Filamu ya The Leopard Son ilitoka mwaka 1996, na Serengeti Symphony mwaka 1998, hii ya mwisho ikiacha picha na muziki vizungumze bila msimulizi. Alipata tuzo kadhaa za Emmy.

Mapafu yake yaliharibiwa na ugonjwa wa emfisema, na mwaka 1998 ilimbidi aiache kazi. Alifariki Dar es Salaam tarehe 2 Juni 2002.

Tangu hapo tumbusi wa Afrika Mashariki wamepungua vibaya. Sababu kubwa ni sumu inayowekwa kwenye mizoga kwa ajili ya kuua simba na fisi wanaokula mifugo. Tumbusi ndio hufika kwanza, na wakija huja kwa makumi. Tangu mwaka 2007 tumbusi wa Misri amewekwa katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Mgeni anaweza kukaa Serengeti wiki nzima, kamera mkononi, asimwone hata mmoja.