Marcello Malpighi, Mchunguzi wa Mimea

Marcello Malpighi alizaliwa katika nchi ya Italia mwaka 1628. Wazazi wake walikufa angali mwanafunzi, lakini hakuacha masomo, akawa tabibu mwaka 1653. Kwa hadubini, yaani chombo cha vioo kikuzacho vitu vidogo, alichungua mashina, majani na mbegu zinazoota, akachora alivyoviona: vifuko vidogo vilivyopangana na mirija myembamba kama nyuzi. Michoro hiyo aliipeleka London, ikapigwa chapa mwaka 1675 na 1679. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua. Hadubini na karatasi zake zikateketea. Lakini yale aliyokwisha kuwapa wengine yalisalimika. Mwaka 1691 Baba Mtakatifu alimwita Roma awe tabibu wake, na huko ndiko alikofia mwaka 1694.