Mwalimu Nyerere: jembe la Butiama na ngano ya Hanang

Hirbadaw, mkoani Manyara, ipo katika nchi ya wakulima na wafugaji wa Mbulu na Hanang, ambako kwa vizazi vingi familia zimekula kile ambacho ardhi na mifugo yao hutoa: ugali wa mtama, na baadaye wa mahindi, maharage, mboga za majani zilizochumwa shambani, na maziwa. Ng'ombe hutoa maziwa na samadi, samadi hurutubisha shamba, shamba hulisha nyumba. Wairaqw walilima hivyo katika vilima vya Mbulu muda mrefu kabla ya kuwapo kwa bwana shamba wala mpango wa serikali. Ni maisha ambayo Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, asingehitaji kuelezwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikulia katika maisha ya namna hiyo upande wa pili wa mbuga za Serengeti.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922 huko Butiama, karibu na Musoma, akiwa mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki na Mama Mugaya wa Nyang'ombe. Jina la Kambarage alipewa kwa heshima ya mzimu wa mvua, na kwa watu wanaotegemea mtama na ulezi, mvua si jambo la mazungumzo ya kupitisha wakati. Pamoja na kuwa mtoto wa mtemi, alichunga mifugo na kushika jembe kama watoto wengine wa kijiji. Shule aliianza akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, pale Mwisenge, Musoma. Kwa mtoto wa leo huo ni umri wa kukaribia kumaliza shule ya msingi, lakini miaka hiyo ya malishoni na shambani haikupotea, maana ndiyo iliyompa kipimo ambacho baadaye alikitumia kuipima elimu yenyewe.

Kutoka Mwisenge alikwenda Shule ya Tabora mwaka 1937, kisha Chuo cha Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akafundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikopata shahada ya uzamili mwaka 1952. Aliporejea nyumbani akiwa na shahada hiyo, alifanya jambo lililowashangaza wengi: alibaki kwanza Butiama, akafyatua matofali na kujenga nyumba kwa mikono yake, kisha akafunga ndoa na Mama Maria mwaka 1953. Msomi wa siku zile hakutarajiwa kukanyaga udongo. Ndipo akaenda kufundisha Pugu, akachaguliwa kuongoza chama cha TAA, na tarehe 7 Julai, 1954 TANU ikazaliwa. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu, na mshahara wake, ili aitumikie siasa.

Historia ya Uhuru inajulikana na haihitaji kurudiwa hapa. Linalostahili kukumbukwa ni lile la Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, alipong'atuka katika nafasi ya Waziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, naye akazunguka vijijini kukijenga chama na kuzungumza na wananchi. Aliporudi kuapishwa kuwa Rais wa Jamhuri mwezi Desemba mwaka huo, sehemu kubwa ya fikra zake ilikuwa juu ya mkulima na zana zake. Aliona kwamba jembe la mkono halitoshi, lakini pia alikataa kudanganyika kwamba trekta lingemfikia kila mtu. Katika maandishi yake ya mwaka 1967 alilielekeza taifa kwenye jembe la kukokotwa na ng'ombe, hatua ambayo mwanakijiji angeweza kuimudu na kuitengeneza inapoharibika.

Mwaka huo wa 1967 ndio uliobeba uzito wa mawazo yake. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari, linakumbukwa kwa kutaifisha benki na viwanda. Wachache hukumbuka kuwa lilizungumza pia kwa kirefu juu ya mahindi, mpunga, ngano, maharage, karanga, mifugo na samaki, likisisitiza kwamba nchi ina uwezo wa kula vizuri zaidi kwa jasho la watu wake bila kungoja fedha za wageni. Mwezi Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Kila shule ilitakiwa kuwa na shamba, mwanafunzi alime anachokula, na mwalimu asijione amepandishwa juu ya mzazi wa mtoto anayemfundisha. Shamba la shule lilizaa vizuri mahali pengine, na pengine liligeuka adhabu ya watoto watundu, jambo ambalo halikuwa kusudio la mwandishi wake. Yeye aliamini kwamba mtu hukua kwa kufanya kazi inayomlisha yeye na wenzake, na kwamba kusoma kunakomtenga kijana na kihenge cha nyumbani kwao kunampunguza badala ya kumkuza. Katika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikwenda kuishi Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji, kazi aliyoijua tangu Butiama.

Kisha mvua zikakatika. Ukame wa 1973 na 1974 uliikuta nchi ikiwa katikati ya kuwahamishia wananchi katika vijiji, kazi ambayo TANU iliamua ikamilike ifikapo mwisho wa 1976, na ambayo katika maeneo mengi, Hanang ikiwemo, ilifanyika kwa haraka na kwa shuruti. Serikali ililazimika kuagiza nafaka kwa fedha nyingi za kigeni. Wazee wanalikumbuka vema sembe la mahindi ya njano kutoka Marekani, lililobandikwa jina la unga wa Yanga kwa rangi yake. Kwa kiongozi aliyeandika Azimio, kula kwa hisani ya wengine lilikuwa pigo zito. Mwaka 1975 ilikuja kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyowakusanya watu wazima katika vikundi vya kusoma kwa msaada wa Redio Tanzania, kama ilivyofanyika miaka miwili kabla katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walijifunza juu ya mlo kamili na kuhimizwa kulima mboga. Wakulima wa nyanda kame walihimizwa kurudi kwenye mtama, uwele na muhogo. Walilima, na Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua, ila watu wa mijini walikuwa wamekwisha kuzoea sembe, wali na mkate, na shehena za mtama na muhogo zikarundikana maghalani bila mlaji.

Mkate huo ndio unaoturudisha Hanang. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu. Yalifikia saba, yenye jumla ya takribani ekari 100,000, yakilimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine. Ngano ilipatikana kwa wingi na taifa likapunguza kuagiza. Lakini tambarare hizo zilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, ambao chakula chao ni maziwa ya mifugo yao, na zilikuwa na makaburi ya wazee wao. Wafugaji walipeleka madai yao mahakamani katika miaka ya 1980. Hapa sera ya Mwalimu iligongana na mwenendo wa serikali yake mwenyewe: aliyependekeza jembe la ng'ombe alikuwa Rais wakati mwenye ng'ombe akipoteza malisho kwa ajili ya mkate wa mjini.

Mwalimu hakuwa mtu wa kuficha kasoro. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikiri wazi mbele ya chama kwamba taifa halikuwa limefikia ujamaa wala kujitegemea, na akayataja makosa ya utekelezaji pamoja na mafanikio. Viongozi wanaojisahihisha kwa maandishi, wakiwa bado madarakani, si wengi.

Novemba 1985 alikabidhi urais kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi na kurudi Butiama. Alikuwa na shughuli nyingine nyingi: uenyekiti wa chama hadi 1990, Tume ya Nchi za Kusini, tafsiri za Biblia kwa utenzi, na kuanzia 1996 usuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Hata hivyo makazi yake yalikuwa Mwitongo, na alipokuwa nyumbani alikwenda shambani, akilima mazao ya chakula kama jirani zake. Mama Mugaya, aliyemlea kwa mazao ya ardhi hiyo, alifariki mwaka 1997.

Mwalimu alifariki dunia tarehe 14 Oktoba, 1999 katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, na kuzikwa Butiama tarehe 23 ya mwezi huo. Msaada wa Canada kwa mashamba ya Basotu ulikuwa umekwisha miaka kadhaa kabla. Mwaka 2002 Mbulu na Hanang zikaingia katika Mkoa mpya wa Manyara, na baadaye sehemu ya ardhi ya mashamba yale ya ngano ikarudishwa mikononi mwa wananchi.