ANDREW FOSTER: KIZIWI ALIYEWATAFUTA VIZIWI WA AFRIKA

Katika toleo hili tunamkumbuka mtumishi wa Mungu ambaye maisha yake yanamgusa kila mwenye mtoto kiziwi nyumbani.

Andrew Foster alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Alabama, Marekani, katika familia ya watu weusi. Mwaka 1936, akiwa na miaka 11, yeye na ndugu yake walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Walipona, lakini wote wawili wakawa viziwi. Ugonjwa huo unaweza kuharibu sehemu ya ndani ya sikio inayopeleka sauti kwenye ubongo, na ikishaharibika hairudi tena.

Shule ya viziwi weusi ilimfikisha darasa la sita tu. Akahamia Detroit, akafanya kazi na kujisomea, mpaka akamaliza sekondari kwa njia ya posta mwaka 1951. Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington, kilikuwa kimemkataa kwa sababu ya rangi yake. Hakukata tamaa. Mwishowe kilimpokea, na mwaka 1954 akapata shahada pale.

Mwaka 1956 alianzisha misheni ya viziwi, na mwaka 1957 akafika Accra, Ghana. Huko aliambiwa kwamba watoto viziwi hawapo. Kumbe walikuwapo: wengi walifichwa majumbani kwa aibu. Foster akaazima madarasa ya shule, akafundisha wanafunzi wengine wakisharudi kwao. Habari zikaenea, wazazi wakaanza kuleta watoto, hata nafasi zikakosekana.

Aliwapa nini? Aliwapa lugha. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hasikii maneno ya mama yake, ndiyo maana hajifunzi kusema. Watu humwita bubu au mjinga, kumbe mara nyingi koo lake ni zima na akili yake ni nzima. Akifundishwa lugha ya alama, anaweza kutaja jina lake, kuuliza, kuhesabu, kusoma, na kuomba pamoja na wenzake.

Mwaka 1961 Foster alimwoa Berta, Mjerumani ambaye naye alikuwa kiziwi, wakajaliwa watoto watano. Alianzisha shule 31 katika nchi 13 za Afrika, zikiwemo Burundi na Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tarehe 3 Desemba 1987, akiwa na miaka 62, ndege ndogo aliyopanda kwenda Kenya ilianguka nchini Rwanda, akafariki. Wanafunzi wake waliendelea kuwafundisha wengine.

Ndugu, je, yuko mtoto anayefichwa nyumbani kwako wageni wanapofika? Mtoe nje. Mwandikishe shule, na wewe mwenyewe ujifunze alama zake, ili mle na kuongea pamoja. Mtoto akipata homa kali na shingo kukakamaa, usingoje kesho, mkimbize hospitali. Sikio linalotoa usaha nalo lisiachwe hivi hivi. Wala tusimwite mtu bubu. Tumwite kwa jina lake.