Walter Chrysler: fundi aliyekopa gari ili alifungue

Mwaka 1908 fundi wa reli aitwaye Walter Percy Chrysler alikwenda Chicago kutazama maonyesho ya magari. Mshahara wake ulikuwa dola 350 kwa mwezi, akiba yake yote dola 700, na nyumbani Oelwein, katika jimbo la Iowa, alikuwa na mke na watoto. Siku baada ya siku alirudi kusimama mbele ya gari moja tu, Locomobile nyeupe yenye viti vyekundu. Bei yake dola 5,000. Akamwendea mtu wa benki, akaambiwa alete mdhamini, akamleta, akakopeshwa dola 4,300. Kwa anayevuka Gatuna au Rusumo na mzigo wa mkopo, hesabu hiyo inatisha: deni linalozidi mshahara wa mwaka mzima, kwa kitu kisichoingiza hata senti.

Wala hakulinunua ili aliendeshe, kwa maana hakujua kuendesha. Gari lilisafirishwa kwa treni hadi Oelwein, likavutwa na farasi hadi kwenye banda la nyumba yake, na mlango ukafungwa. Kwa muda wa miezi mitatu hivi Chrysler alilifungua na kulifunga tena, kipande kwa kipande, akitandaza vyuma sakafuni na kuvichora. Mkewe, Della, alikuwa bado hajapanda hata mara moja. Siku alipolitoa nje hatimaye, liliruka kama punda aliyechapwa, likaingia bustani ya jirani, na ikabidi farasi waitwe tena kulivuta.

Jina lake wengi hapa wanalijua kupitia Jeep, ambayo kampuni ya Chrysler iliinunua miaka mingi baada ya yeye kufa. Lakini kuna kitu kingine kilichotoka mikononi mwa watu wake ambacho kimo karibu katika kila gari linalopita Kigali, na wengi hawakioni mpaka kivunjike. Ni mauntingi ya injini, kile kipande cha mpira na chuma kinachoibeba injini na kuishikilia kwenye bodi. Katika mitaa ya Gitega, kwenye miteremko ya Nyarugenge isiyo mbali na Nyamirambo, kijana mwenye Subaru au Golf ya mbio anaweza kuanza kuibadilisha nyuani mwa nyumba Jumamosi asubuhi, akitoa mpira laini wa kiwandani na kuweka mgumu zaidi. Anachokitoa ndicho Chrysler alichopigania kukiingiza.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1875 Wamego, Kansas, akakulia Ellis, mji wa reli katika jimbo hilohilo. Baba yake aliendesha treni. Kijana alianza kazi katika karakana ya Union Pacific kama mfagiaji, kwa senti 10 kwa saa. Alipopata nafasi ya kujifunza ufundi, malipo yalishuka hadi senti 5 kwa saa, naye akayakubali. Zana za dukani zilikuwa ghali, kwa hiyo alijitengenezea zake mwenyewe, akazichonga na kuzikaza kwa moto, na baadhi yake akazitunza mpaka uzeeni. Alipohitimu alizunguka kutoka karakana moja ya reli hadi nyingine, Kansas, Colorado, Utah, Texas, akipanda cheo kila alipohama. Alimwoa Della Forker mwaka 1901. Alipolikopea gari lile alikuwa na miaka 33, mkuu wa mitambo yote ya kampuni ya reli ya Chicago Great Western.

Baada ya reli alisimamia kiwanda cha kuunda vichwa vya treni Pittsburgh, na karibu na mwaka 1912 akaitwa Buick, mjini Flint. Buick walimpa dola 6,000 kwa mwaka, chini ya alizokuwa akipata. Ni mara ya pili katika maisha yake anakubali kupunguziwa malipo ili aingie mahali anapopataka. Kiwandani alikuta watu wanaunda magari kama vile bado wanaunda mikokoteni ya farasi, wakipaka rangi tabaka juu ya tabaka hata sehemu za chini ambazo matope yangezifunika siku ya kwanza. Akazikata kazi zisizo na faida moja baada ya nyingine. Buick iliyokuwa ikitoa magari 45 kwa siku ikafika 200. William Durant alipoirudia General Motors mwaka 1916 alimpa urais wa Buick kwa dola 10,000 kila mwezi, pamoja na hisa za nusu milioni kila mwisho wa mwaka. Walikosana hata hivyo, kwa sababu Durant hakuacha kuingilia kazi yake, na mwishoni mwa 1919 Chrysler akajiuzulu.

Miaka iliyofuata alikuwa daktari wa kampuni zinazokufa. Willys-Overland walimlipa dola milioni 1 kwa mwaka awaokoe. Kisha akaishika Maxwell. Katika mahangaiko hayo alikutana na wahandisi watatu waliofanya kazi kama mtu mmoja, Fred Zeder, Owen Skelton na Carl Breer. Mwaka 1924 walitoa gari lililobeba jina la Chrysler, lenye silinda sita na breki za maji kwenye magurudumu yote manne. Wakakosa nafasi katika maonyesho ya New York, basi Chrysler akalipanga gari ukumbini mwa hoteli ya Commodore, walikofikia wenye fedha na wauzaji. Mwaka wa kwanza yaliuzwa magari kama 32,000. Juni 1925 Maxwell ikageuka Chrysler Corporation, na mwaka 1928 ikaimeza Dodge, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko yenyewe, na kuanzisha gari la bei nafuu, Plymouth.

Hapo ndipo mauntingi zinapoingia. Plymouth ilikuwa na silinda nne wakati Chevrolet, kwa bei inayokaribiana, ilikuwa na sita. Injini ya silinda nne hutikisika. Kila silinda inapowaka, injini nzima husukumwa upande kama mtu anayepigwa begani, kisha hurudi, maelfu ya mara kwa dakika. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na injini iliyofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chesisi, au yenye kipande kidogo tu cha mpira katikati, na msukosuko wote ulipanda hadi kwenye stelingi, viti na meno ya abiria. Kuongeza silinda mbili kungepandisha bei.

Wahandisi wale hawakujaribu kuizuia injini isitikisike. Walitafuta mahali inapotaka yenyewe kuzungukia. Waligundua kwamba mhimili huo hupita katikati ya uzito wa injini, ukianzia juu upande wa mbele, karibu na pampu ya maji, na kushuka hadi chini upande wa nyuma, kwenye giaboksi. Basi wakaibeba injini kwa sehemu mbili tu zilizo juu ya mstari huo, wakitumia mpira ulioshikamanishwa na chuma, na ubavuni wakaweka springi ya bapa ili isizidi kuyumba. Injini ikaendelea kucheza ndani ya mpira wake, bodi ikatulia. Mfumo uliitwa Floating Power, na ulitoka katikati ya 1931 kwenye Plymouth iliyoanzia dola 535, mwaka ambao mdororo wa uchumi ulikuwa ukifunga viwanda kila upande. Wengine walipokuwa wakishuka, Plymouth ilipanda hadi nafasi ya tatu kwa mauzo Marekani, nyuma ya Ford na Chevrolet.

Inasimuliwa kwamba Chrysler alilichukua gari la tatu kutoka mstari wa kiwanda, akaliendesha hadi kwa Henry Ford, akawaonyesha yeye na mwanawe Edsel, akawaachia kama zawadi na kurudi kwa teksi. Hata mshindani alipaswa kuona. Mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ilinunua haki ya kuutumia mfumo huo. Hiyo ndiyo Citroën ambayo magari yake ya minyororo yalifika Kampala mwaka 1925 katika safari ya kuvuka Afrika, kisha yakagawanyika makundi manne, moja likielekea Mombasa na jingine Dar es Salaam.

Sasa turudi kwa kijana wa Gitega, maana ana sababu zake. Mpira laini hutuliza, lakini humeza nguvu. Ukikanyaga mafuta ghafla injini hujipinda kwanza kabla ya magurudumu kupata kitu, gia huchelewa kuingia, na kwenye gari lililoongezewa nguvu mpira wa kawaida hupasuka mapema. Mauntingi ngumu, za mpira mzito au za poliyurethani, huishika injini, na dereva huhisi gari linajibu papo hapo. Malipo yake ni ule mtikisiko wa kabla ya 1931. Kioo cha pembeni kinatetemeka, dashibodi inalia, stelingi inawasha viganja gari likiwa limesimama. Mwenye gari la mashindano anaweza kuvumilia. Mwenye gari la kupeleka mzigo Rubavu na familia Jumapili, kwa maoni yangu, anatupa fedha zake.

Na kazi yenyewe ya nyumbani inataka subira ya lile banda la Oelwein. Injini inapumzishwa juu ya jeki yenye kipande cha ubao ili sampu ya oili isibonyee, na gari lenyewe linasimama kwenye stendi imara, kamwe si kwenye jeki peke yake mtu akiwa chini. Waya wa betri unatolewa. Mauntingi zinafunguliwa moja baada ya nyingine, kwa sababu ukizitoa zote injini inaning'inia kwenye mipira ya maji na nyaya. Bolti mpya zinashikizwa kwa mkono kwanza. Injini inashushwa ikae kwa uzito wake yenyewe, ndipo zinakazwa kwa kipimo cha kiwanda. Anayekaza huku jeki bado imebeba anaufunga mpira ukiwa umepinda, na hautakaa mwaka.

Kwa msomaji anayeuza spea kati ya Kisekka ya Kampala, Kariakoo na Gatsata, kuna jambo moja la mpakani. Rwanda na Burundi tunaendesha upande wa kulia, na Rwanda stelingi kwa kawaida iko kushoto. Uganda, Kenya na Tanzania ni kinyume. Kwa baadhi ya magari, kubadilika upande wa stelingi hubadilisha pia mpangilio wa vyuma vilivyo karibu na injini, kwa hiyo mauntingi yenye jina lilelile na mwaka uleule inaweza isikae. Namba ya kipande ndiyo ya kuulizia, pamoja na aina ya giaboksi, maana ya otomatiki na ya kawaida mara nyingi hazifanani. Na mpira uliokaa miaka kwenye rafu yenye joto unaweza kuwa umekwisha kabla ya kufungwa. Ukiukunja kwa kidole gumba ukaona nyufa ndogo, uache.

Chrysler mwenyewe hakushinda kila alichogusa. Gari la Airflow la mwaka 1934, lenye umbo la kukata upepo, liliwatisha wanunuzi na kuitia kampuni hasara, ingawa magari yaliyokuja baadaye yaliiga mengi kutoka kwake. Machi 1937 wafanyakazi wake wa Detroit walikalia viwanda na kugoma kutoka mpaka chama chao kitambuliwe. Yule aliyewahi kufagia karakana kwa senti 10 alijikuta upande wa pili wa meza, na akalazimika kupatana nao mwezi uliofuata.

Mei 1938 alipatwa na kiharusi. Agosti mwaka huo Della akafariki, na yeye hakupona tena sawasawa. Alikufa tarehe 18 Agosti 1940 nyumbani kwake Long Island, New York, akiwa na miaka 65. Miaka kumi kabla yake lilikuwa limekamilika jengo la New York lenye jina lake, ghorofa 77 na urefu wa mita 319, alilolijenga kwa fedha zake mwenyewe badala ya za kampuni, kwa ajili ya watoto wake. Lilikuwa refu kuliko yote duniani mpaka Empire State lilipolipita mwaka 1931. Juu kabisa, katika ukumbi ambao wageni walipanda kutazama jiji, aliweka ndani ya kabati la kioo kisanduku cha zana alizojitengenezea akiwa kijana Ellis.