Li Shizhen: Tabibu aliyepigana na uchanganyaji wa dawa kiholela

LI Shizhen alizaliwa mwaka wa 1518 mjini Qizhou, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Hubei nchini China. Babake, Li Yanwen, alikuwa tabibu, lakini kazi hiyo haikuwa na heshima kubwa enzi hizo. Mzee huyo alitamani mwanawe awe afisa wa serikali.

Haikuwa hivyo. Li alianguka mtihani wa mkoa mara tatu, ndipo akaamua kufuata nyayo za babake.

Punde aligundua kwamba vitabu vilivyotegemewa na matabibu vilijaa makosa. Mimea tofauti ilielezwa kana kwamba ni mmoja. Mmea uitwao nanxing nao uliorodheshwa mara mbili, mara ya pili kwa jina la huzhang. Baadhi ya waandishi hata walisifu zebaki kuwa hurefusha maisha, ilhali ni sumu.

Makosa hayo yalihatarisha maisha kwa kuwa dawa za Kichina aghalabu hazitumiwi moja moja. Mizizi, maganda, majani na maua huchemshwa pamoja, kisha mgonjwa akanywa maji yake kama chai. Mmea mmoja waweza kuupa mwingine nguvu, kuupunguzia ukali au kuzua madhara. Kwa mfano, matabibu walikatazwa tangu kale kuchanganya gancao, mzizi mtamu unaotiwa katika dawa nyingi, na gansui, mzizi mkali wa kuharisha.

Mnamo 1552, Li alianza kuandika kitabu kipya. Alipitia vitabu takriban 800, akatembea milimani na mabondeni akikagua mimea, na kuwahoji wakulima, wavuvi na wawindaji. Alikamilisha kazi hiyo mwaka wa 1578.

Kitabu hicho, Bencao Gangmu, kina sehemu 52 na kinaeleza dawa 1,892. Ndani yake mna orodha ya dawa zisizopatana, vyakula vya kuepukwa na mgonjwa anayetumia dawa, na dawa zisizofaa wajawazito.

Li hakukiona kikisambazwa. Alifariki mwaka wa 1593, nacho kikatolewa Nanjing mwaka wa 1596. UNESCO ilikiingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka wa 2011.

Si kila alichoandika kimethibitishwa na sayansi ya leo. Hata hivyo, msingi aliouweka ungali imara: mmea sharti utambuliwe barabara kabla ya kutiwa chunguni pamoja na mwingine.